Kigoda cha Kondo na Kabichi za Kaisari

Watoto wa Nyamigwe waliyajua majina ya Makaisari wa Roma kabla hawajayajua majina ya wilaya za Tanganyika. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba, aliyepita njia ya misheni aliyasikia yakishuka bondeni kwa sauti za watoto sitini: Augusto, Tiberio, Kaligula, Klaudio, Nero. Wanawake walioteremka sokoni Morogoro na matenga ya mboga kichwani walijikuta wanatembea kwa kufuata mapigo yake. Wengine ambao hawakukaa darasani hata siku moja waliweza kufika mpaka Trajano bila kukosea. Hata mbwa wa mwalimu aliitwa Kaligula, kwa kuwa aliwauma wa nyumbani na kuwatikisia mkia wageni.

Mwalimu mwenyewe alikuwa Severini. Alikaa seminari miaka mitatu, akarudi na Kilatini kidogo, suruali mbili, na kitabu kinene kisicho na jalada alichopewa na padri mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Ndani ya kitabu hicho mlikuwa na picha za sanamu za Makaisari, nyingi zimevunjika pua. Watoto wakauliza kwa nini wafalme wakubwa namna ile hawana pua.

"Utawala ukiisha, pua ndiyo hutangulia kuondoka," Severini akawajibu, na darasa likacheka mpaka padri akachungulia dirishani.

Scholastika alikuwa mmoja wa waliocheka siku hiyo. Severini alikuwa kaka yake, tumbo moja, amemzidi miaka kumi na miwili, na darasani alimwita "mwalimu" kama wenzake. Alisoma mpaka darasa la tatu. Kisha mama yao akaugua miguu, ikabidi mtu wa kuchota maji na kupika, na mtu huyo akawa yeye. Siku ya mwisho alirudisha kibao chake na kipande cha chaki, akainua mkono kuomba ruhusa ya kutoka, maana Severini aliwazoesha hivyo: hutoki, huingii, husemi, mpaka umeinua mkono. Mwalimu naye kwa upande wake alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko sala za jioni. Mkono ulioinuliwa hakuupita kamwe. Hata kengele iwe imelia, hata mvua iwe inaingia darasani, akiona mkono juu alisimama na kusema, "Simama, useme."

Katika yote aliyofundishwa miaka ile mitatu, lililomkaa Scholastika moyoni ni somo la Kaisari Yulio na urithi wake. Lilikuwa somo la kuitikiana. Mwalimu anauliza, darasa linajibu.

"Kaisari Yulio alimwachia nani nyumba yake?"

"Oktaviani, mwalimu."

"Oktaviani mtoto wa nani?"

"Wa binti wa dada yake Kaisari."

"Kwa hiyo ni wa ziwa gani?"

"La mama yake Kaisari, mwalimu."

Swali lile la mwisho halikuwemo kitabuni. Severini alilitunga mwenyewe, na ni Mluguru tu angeweza kulitunga. Maana kule milimani mtu huhesabiwa kwa mama yake. Walionyonya ziwa la bibi mmoja huitwa tombo, na ardhi ni ya tombo. Mwanamume hulima shamba la mama zake, akifa linarudi kwa watoto wa dada zake au wa mabinti wa dada zake. Watoto wake wa kuzaa ni wa ukoo wa mama yao, wana kwao kwingine. Kwa hiyo watoto wa Nyamigwe waliposikia kwamba Kaisari Yulio, na ukubwa wake wote, alirithiwa na mjukuu wa dada yake, hawakushangaa. Walimwona ni mtu mwenye adabu. Na waliposikia kwamba huyo Oktaviani alichukua na jina la Kaisari, na waliomfuata wakalichukua, mpaka jina la mtu mmoja likawa jina la kiti, hilo nalo walilijua tangu nyumbani. Mkubwa wa ukoo wa akina Severini siku zote huitwa Kondo. Kondo wa kwanza ndiye aliyekuja na dada zake wakifyeka msitu. Akifa Kondo, atakayekalia kigoda chake cha mninga na kuvaa kikuku chake cha shaba anaacha jina lake mlangoni, anakuwa Kondo.

Miaka ikaenda. Uhuru ukaja, majina ya wilaya yakabadilika, Makaisari wakabaki vilevile. Severini alifundisha miaka thelathini na mitano, akafundisha watoto na watoto wa watoto, akastaafu. Mjomba wao alipofariki, yeye ndiye akakalia kigoda. Akawa Kondo wa saba, ingawa watu waliendelea kumwita mwalimu, na Scholastika kumwita kaka.

Sasa ilikuwa mwaka tisini na tatu, na kila mtu alisema mambo yamefunguliwa. Ushirika uliokuwa ukinunua kahawa ulikuwa umebaki kufuli yenye kutu. Pale mbele ya kufuli kijana mmoja alitandaza mitumba, na mashati ya Ulaya yaliuzwa palepale wazee walipowahi kupanga foleni ya sabuni. Malori ya watu binafsi yalifika mpaka mwisho wa barabara, wanunuzi wakapanda kwa miguu kutafuta kabichi na karoti za kupeleka Dar es Salaam. Shule nayo ilianza kudai michango, na mwalimu kijana aliyehamishiwa pale alifundisha yaliyomo kwenye muhtasari. Asubuhi njia ya misheni ilikuwa kimya. Scholastika, akiteremka na tenga lake, alikuta miguu yake bado inatafuta mapigo ya zamani.

Mambo hayo ya kufunguliwa ndiyo yaliyomrudisha Thobias, mtoto wa Severini. Alikuwa fundi wa mitambo kiwandani mjini. Kiwanda kikapunguza watu, naye akapunguzwa, akapanda mlimani na sanduku, redio ya kaseti na shati jeupe alilolipiga pasi kila siku kana kwamba bado anaingia zamu. Macho ya Severini yalikuwa yameanza kuvaa utando, mkewe alikwishakufa, na Thobias ndiye aliyemsomea gazeti, aliyemkata kucha, aliyemshika mkono kwenda misa. Mzee akapendeza. Watu waliona hata mwendo wake umebadilika.

Scholastika hakuwa na neno na hilo. Alimpenda Thobias. Neno lilikuja siku ya Jumatano, wiki mbili baada ya Pasaka, pale Severini alipokuja jikoni kwake akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akawa anamwangalia anavyopukuchua maharage.

"Skola," akasema, "mimi nimechoka. Jumapili ijayo baada ya misa nitawaita watu wote. Nataka kukabidhi kigoda nikiwa hai."

"Vizuri, kaka. Umri umeenda."

"Nitamkabidhi Thobias."

Scholastika aliendelea kupukuchua. Maharage mawili matatu yaliangukia nje ya ungo, hakuyaokota.

"Thobias ni wa ukoo wa mama yake," akasema. "Kwao Kolero."

"Warumi walikuwa wanaasili. Kaisari akimpenda mtu anamwasili, anampa jina, yamekwisha. Nitamwasili mwanangu."

"Utamwasili mtoto uliyemzaa?"

"Ndiyo. Kiukoo ni mgeni, au siyo? Basi nitamwasili aache kuwa mgeni." Akatabasamu kama aliyemaliza hesabu ngumu. "Tomasi ni kijana mwema. Lakini kifua kile, Skola, na ule ukimya wake. Wakija wakubwa wa mjini atasema nini? Dunia ya leo inataka mtu anayejua kusema."

Tomasi alikuwa mjukuu wa Scholastika, mtoto wa bintiye Joyce aliyekuwa amelazwa makaburini kule juu tangu kijana ana miaka sita. Hakukuwa na mwanamume mwingine wa tombo lile aliyebaki. Miaka ishirini na mitatu, mwembamba, kifua kikimbana kila kipupwe, akisema neno moja wengine wakisema kumi. Lakini kabichi zake zilijulikana. Wanunuzi walizipiga kofi kama mtu anayempongeza rafiki.

"Na mtu wa mjini anayetaka mlima?" Scholastika akauliza.

Severini akainama kuokota maharage yaliyoanguka. Alijua anauliza kuhusu tajiri mmoja aliyekuja mara mbili na Thobias, amevaa viatu vya ngozi, akapima kwa macho ule mteremko wenye chemchemi. Alitaka kuukodi wote kwa miaka thelathini na mitatu. Kijiji kilikuwa tayari kupiga muhuri, ila mwenyekiti alisema hapana muhuri bila kidole cha Kondo.

"Hilo Thobias atalitazama," kaka akasema mwisho.

Chemchemi ile ndiyo iliyonywesha bustani zote za tombo. Juu yake kidogo ndipo alipolala mama yao, na pembeni ya mama, Joyce. Scholastika akapepeta ungo, akamimina maharage kwenye chungu.

"Jumapili utawaeleza watu jinsi ulivyofikia?"

"Nitawaeleza kama nilivyowaeleza darasani."

"Basi nitakuja nisikilize," akasema Scholastika.

Alasiri hiyo alipanda bustanini. Tomasi alikuwa amechutama kati ya matuta akichagua viwavi mmoja mmoja na kuwatia kwenye kopo. Bibi yake akamweleza yote, akatazamia kijana atakasirika.

"Mwache, bibi," Tomasi akasema. "Babu ndiye aliyenilipia shule. Ndiye aliyenibeba mgongoni kwenda hospitali nilipobanwa. Nitamwambia nini mbele za watu?"

"Na maji yakienda?"

Tomasi alitazama mfereji. Alikohoa, akasubiri kikohozi kipite. "Nitatafuta kibarua. Wanasema Kingolwira wapo watu wanaotaka wa kuwapandia mboga."

"Na mama yako nimwambie nini huko juu? Kwamba amelala kwenye shamba la kukodi?"

Tomasi akarudi kwenye viwavi wake.

Ijumaa Thobias mwenyewe akaja, na kilo ya sukari kwenye karatasi ya khaki.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Leo shati halina hata kunyanzi, unaoa?"

Thobias alicheka kidogo, akakaa, akaanza kuvuta nyuzi za mkeka. "Najua unafikiri nataka kuwaibia."

"Sijasema hivyo."

"Shangazi, niulize mimi kwetu ni wapi. Kiwandani nilikaa miaka kumi na minne, nikapewa barua. Kolero kwa wajomba nilikwenda mwezi uliopita. Walinipokea, wakanichinjia kuku, asubuhi wakaniuliza nitaondoka saa ngapi. Hapa nilipozaliwa, kila mche ninaougusa naambiwa ni wa tombo. Yule tajiri aliniahidi nitakuwa msimamizi. Mtu akikuahidi kazi baada ya barua ile, unamsikiliza." Akatazama nje. "Baba naye anataka. Sikumwomba. Aliniambia tu siku moja, nikashindwa kusema hapana."

Scholastika alimwamini. Ndilo lililomkosesha usingizi siku mbili zilizofuata. Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi. Aliwaza kwenda kwa padri, akaona hapana, ni kumwaibisha kaka. Aliwaza kupiga kelele siku yenyewe kama wanawake wengine wanavyofanya, akaona koo lake halijazoea. Aliwaza zaidi juu ya neno moja alilolisema Severini na ambalo halikumtoka: Kaisari akimpenda mtu anamwasili. Kaka yake hakuwa mwongo. Miaka thelathini na mitano hakumdanganya mtoto hata mmoja. Lakini safari hii alikuwa ameruka mstari.

Jumapili watu walijaa uwanja wa nyumba ya zamani ya Kondo. Wengi walitoka misa moja kwa moja na viatu vyao vya misa, wengine walitoka msikitini siku ya Ijumaa na hawakurudi kwao, kwa kuwa pombe ya mahindi ilianza kuchujwa siku hiyo. Kigoda kiliwekwa katikati, juu yake kikuku. Upande mmoja walikaa wa tombo, upande mwingine majirani na mashahidi. Na mbele kabisa, miguu ameitandaza, alikaa Nassoro Rehani, mtani wao, ambaye kwa haki ya utani angeweza kusema lolote bila kupigwa.

"Mwalimu," Nassoro akaanza kabla Severini hajafungua kinywa, "hicho kigoda mbona kidogo? Nyinyi mnarithishana makalio au akili?"

"Wewe ulirudia darasa la pili mara tatu," Severini akasema. "Ya akili yaache."

"Nilipenda ualimu wako. Kuondoka niliona vibaya."

Watu walicheka. Kicheko kikamtia mzee nguvu, akasimama ameshika fimbo, sauti ikarudi ile ya zamani, ya kufika mpaka dawati la nyuma. Akawaeleza kwamba amechoka. Akawakumbusha Augusto, aliyekuta mji wa matofali akauacha wa mawe meupe. Akawakumbusha barabara za Roma, zilizonyooka kama uzi, zinazokanyagwa mpaka leo wakati ya kwao huondoka na mvua ya masika. Watu wazima, wenye mvi na makoti, walikuwa wameinamisha vichwa upande kama watoto wanaosikia wimbo waliolelewa nao. Scholastika alipotazama aliona midomo inacheza: Tiberio, Kaligula, Klaudio. Kwa kitambo akasahau alilolijia. Aliona kibao chake mapajani, akasikia harufu ya vumbi la chaki.

"Sasa," Severini akasema, "Kaisari Yulio hakuwa na mtoto wa ndoa wa kiume. Alifanyaje? Alitazama akamwona kijana hodari, Oktaviani. Akamwasili. Akampa jina lake. Kijana akaja kuwa Augusto, mkubwa kuliko wote. Hivyo ndivyo wenye hekima walivyofanya, na mimi leo..."

Mkono ulikuwa umeinuliwa.

Scholastika aliuinua jinsi walivyofundishwa, kidole kimoja juu, kiwiko kimeshikwa na mkono wa pili. Kipindi kile hata wanawake wa rika lake hawakuwa wakiinua mikono, walikohoa tu au wakaingilia. Severini macho yake hayakuona vizuri, lakini kidole kile alikiona. Akanyamaza katikati ya neno. Thobias, aliyekaa karibu naye, akamnong'oneza aendelee. Mzee alisimama pale akivuta pumzi, na kila mtu aliyewahi kukaa mbele yake alijua kwamba hawezi.

"Simama," akasema taratibu. "Useme."

Scholastika akasimama, akakunjua kanga yake. "Mwalimu, naomba kuuliza. Oktaviani mtoto wa nani?"

Aliyejibu hakuwa Severini. Hakuwahi kupata nafasi. Uwanja mzima, wa tombo na mashahidi, wenye mvi na wenye watoto mgongoni, walijibu kwa pamoja bila kujua kwamba wanajibu, kwa sauti ileile ya kuburuza mwisho:

"Wa binti wa dada yake Kaisari."

Watu wakatazamana, wengine wakacheka kwa aibu kama waliokutwa wanaongea peke yao. Nassoro alijipiga paja. "Hilo hata mimi nililishika," akasema, "na nililishika mara tatu."

Severini hakucheka. Scholastika akatamani kukaa, akatamani asingeinuka; lakini aliyesimamishwa na mwalimu hakai mpaka aambiwe. Akaona midomo ya kaka yake inafanya kazi. Palikuwa na swali lililobaki, na darasa zima lilikuwa linalingoja, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa na haki ya kuliuliza.

"Kwa hiyo," mzee akasema mwisho, chini kabisa, "ni wa ziwa gani?"

"La mama yake Kaisari, mwalimu."

"Kaeni," akasema, ingawa aliyekuwa amesimama alikuwa mmoja.

Naye akakaa. Hakukaa kwenye kigoda, alikaa kwenye ngazi ya mlango. Kisha akaanza kusema, safari hii bila sauti ya darasani, na watu ikabidi wasogee.

"Niliwafundisha pia habari za wale Makaisari watano wazuri. Nerva akamchagua Trajano, Trajano Hadriano, Hadriano Antonino, Antonino Marko Aureli. Hakuna aliyempa mwanawe. Miaka themanini na kitu dunia ikatulia. Marko Aureli alikuwa mtu wa vitabu, mpole, anaandika mawazo yake usiku hemani. Yeye alikuwa na mtoto wa kumzaa, Komodo, na alimpenda. Akampa. Nanyi mnajua yaliyofuata. Kijana akavaa ngozi ya simba akaingia uwanjani kupigana na watumwa." Akageuza uso upande alikojua Thobias amekaa. "Nilikuwa nawaambia Komodo alikuwa mtu mbaya. Sasa nafikiri sikufundisha vizuri. Baba yake alimtwisha mzigo uliopimwa kwa kichwa cha mtu mwingine. Kosa lilikuwa la yule wa vitabu."

Thobias aliinamisha kichwa. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa mgongoni.

"Tomasi yuko wapi?" Severini akauliza.

Tomasi alikuwa nyuma, karibu na mitungi, amesimama kwa mguu mmoja. Ilibidi Nassoro amsukume. Mzee alikipapasa kikuku akakitia kwenye mkono wa kijana, mkono mwembamba, kikateleza mpaka kwenye kiwiko, watu wakacheka tena, na wanawake wakapiga vigelegele, na mmoja wa wazee akamwaga pombe chini akiwaita Kondo wote saba kwa zamu, na wa nane akaongezwa mwisho.

"Sema neno, Kondo," Nassoro akasema. "Ama mpaka tukulipe."

Tomasi alikohoa. Watu wakangoja kikohozi kipite.

"Lile shamba la bondeni, karibu na njia ya malori," akasema, "alilime kaka Thobias. Alilime yeye na wanawe, maadamu anataka. Mlima na chemchemi haviondoki." Akakishika kikuku kisianguke. "Mimi kusema na wanunuzi siwezi. Wanaongea haraka. Yeye anaweza. Nilikuwa naomba asituache."

Ndivyo alivyosema, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akisema maneno mengi kiasi hicho kwa mkupuo mmoja.

Thobias aliondoka uwanjani kabla pombe haijaisha. Scholastika alimkuta nyuma ya nyumba ananawa macho kwa maji ya mtungi.

"Umenikasirikia," akamwambia.

"Shangazi, tangu ile barua ya kiwandani hakuna mtu aliyeniomba nisimwache." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Huyo Augusto wenu alikuwa na mtu wa kumshikia kazi?"

"Agripa," Scholastika akasema palepale. "Ndiye aliyemletea maji mjini. Wewe darasa hilo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa mtoto wa mwalimu. Nilikuwa nalala."

Tajiri wa mjini alikuja mara moja tena, akanywa chai, akaambiwa kabichi ataziuziwa na mlima ataupita, akaenda kutafuta kwingine. Baada ya mavuno mawili Thobias aliwaunganisha wenye bustani, wakawa wanapakia lori moja badala ya kila mtu kubembeleza la kwake. Alikuwa akisimama barabarani na shati lake jeupe na kalamu sikioni, na wanunuzi walimwogopa.

Severini akaomba kipande kidogo nyuma ya nyumba yake. Kulikuwa na Kaisari mmoja, Dioklesiano, ambaye darasani hakumpa zaidi ya dakika tano, kwa kuwa aliwatesa Wakristo na padri hakumtaka. Huyo alichoka akaacha kiti akiwa hai, akaenda kupanda mboga. Walipomfuata wakimbembeleza arudi, aliwaambia laiti wangeziona kabichi alizozipanda kwa mikono yake wasingethubutu kuomba. Sasa Severini alikuwa naye kila siku mdomoni. Watu walipokuja kumwomba aamue ugomvi wa mpaka, aliwaelekeza kwa Tomasi, kisha akawashika mkono akawapeleka kuona tuta. Walizisifu. Zilikuwa kabichi ndogo, zilizojikunja vibaya, kwa kuwa macho yake hayakuona viwavi.

Scholastika ndiye aliyemchagulia. Alikuja asubuhi mapema kabla kaka hajaamka vizuri, akachutama, akajaza kopo lake, akaondoka bila kusema. Siku moja akamkuta amemtangulia, amekaa kwenye jiwe, fimbo katikati ya magoti.

"Skola, unafikiri sijui," akasema.

"Unajua nini, kaka?"

"Kabichi haziponi hivihivi." Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, na njia ya misheni haikusikika. "Ulipotolewa shule nililia, unajua. Nilijifanya nafuta ubao. Nilikuwa nimekwisha kukuwekea kitabu."

Scholastika hakuwahi kuambiwa hilo. Alimtoa kiwavi kwenye jani, akamtia ndani ya kopo.

"Huu wa kwanza hapa ni nani?" akauliza, akigusa mche wa mwanzo wa tuta.

"Augusto."

"Na huyu?"

"Tiberio."

Wakaenda hivyo mche kwa mche, yeye akigusa na kaka akitaja, mpaka walipofika wa tatu ambao ulikuwa umeliwa wote, umebaki shina tu na mishipa.

"Kaligula," wakasema wote wawili, na mzee akacheka mpaka fimbo ikamwanguka, dada yake akainama akamwokotea.